Sifa za But wa Pili

Wafalme husifiwa na wanaolipwa. Mimi namsifu asiye na cha kunilipa, asiye na kiti wala kaburi, naye ni But wa Pili. Jina hilo sikumpa kwa kumkweza. Ni wa pili kweli: hufika kwenye sentensi ya Kiingereza akamkuta although ameshakaa mbele, na kabla hajavuta pumzi kalamu nyekundu imeshampitia.

Nyakabuye tunamjua vizuri. Huku kwetu Rusizi, Rwanda, pana chemchemi ya maji ya moto ya Mashyuza, na mtoto akiambiwa aandike insha kuhusu kwao huanzia hapo. Juzi mtoto wa jirani, wa darasa la tano, alinijia na daftari lake. Ameandika: “Although the water is hot, but people enter.” Mwalimu amepiga mstari juu ya but, kisha akarudia, na mara ya pili mkono ulikuwa mzito hata karatasi ikachanika. Nusu alama imekwenda. Mtoto alilitazama lile tobo, akaniuliza kwa upole: “Tonton, kwani watu hawaingii?”

Wanaingia, mwanangu. Wanaingia wenye kuumwa mgongo, wanaingia wenye kuumwa magoti, na wapo wasioumwa kitu ila wamesikia kuna maji moto ya bure. Maji yanasema rudini, watu wanasema tunaingia, na pale katikati, palipo na ubishi wenyewe, amesimama But wa Pili. Huyo ndiye aliyekatwa.

Kosa lake ni kufanana na ndugu zake wa kwetu. Kinyarwanda husema nubwo, kisha ariko. Kiswahili husema ingawa, kisha lakini: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda sokoni. Na hao wawili hata asili si moja. Ingawa ni Mbantu wa kuzaliwa, lakini alikuja kutoka Uarabuni. Wamekaa nyumba moja karne na karne, wala sijasikia jirani akilalamika kwamba wamezidi.

Faida yake anayeibisha na apande baiskeli, ateremke kutoka vilimani kwenda tambarare ya Bugarama, mkungu wa ndizi ukiwa umefungwa nyuma. Breki ya mbele ataibana, ya nyuma ataibana, na kwenye kona soli ya kiatu nayo itasuguana na tairi. Hakuna atakayesimama kando ya njia kumwambia kwamba breki moja inatosha, ya pili ni kosa la sarufi. Although hutangaza mapema kwamba mbele kuna kona. Sawa, lakini sentensi ikirefuka, ikapita kwa shangazi, ikapita sokoni, ikasimulia bei ya mchele, msikilizaji huwa ameshasahau tangazo. But wa Pili humshika begani pale pale penye kona.

Wenye lugha wana hoja yao, na siwezi kuificha. Although ni kiunganishi, but ni kiunganishi, na kwa Kiingereza watu wa ukoo mmoja hawaruhusiwi kuvishika vishazi vile vile viwili kwa pamoja. Kiunganishi kinaoa kielezi. Ndiyo maana and na then wanatembea wameshikana mikono mchana kweupe, but na still vivyo hivyo, na or else wanaishi vizuri kwa kutishia watoto. Though akija na yet, hakuna anayenyanyua kalamu. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitabu cha Ayubu, sura ya 13, mstari wa 15: though yuko mwanzo, yet anamfuata, na Ayubu hakupunguziwa alama, ingawa maskini yule alikuwa ameshapunguziwa kila kitu kingine. (Biblia hiyo hiyo, Mwanzo sura ya kwanza, ina mistari 31, na 29 kati yake inaanza na and, neno tulilokatazwa kabisa kufungulia sentensi. Nalisema hili kwa kupita tu.)

Kwa hiyo But wa Pili anafanya kazi ile ile ya yet, kwa bidii ile ile, na mahali pale pale. Tofauti ni kwamba yet ana kitambulisho cha kielezi. Sisi tunaoishi karibu na mipaka miwili, wa Kongo na wa Burundi, tunazijua tofauti za namna hiyo: mtu ni yule yule, mzigo ni ule ule, karatasi ndiyo inayomfanya apite au arudishwe.

Na msidhani vielezi ni waungwana wote. However huvaa koti la but, akajipenyeza kati ya sentensi mbili kamili kwa mkato mmoja tu, kumbe anastahili nukta, au angalau nukta mkato. Only na if nao wana mchezo wao: only if ni sharti la mwenye duka, if only ni kilio cha mteja aliyekuta duka limefungwa. Wamebadilishana viti, basi, na maana yote imegeuka. Hao siwasifu. Wanakukosesha kwa hila, hali But wa Pili hukukosesha kwa kukusaidia.

Mwalimu naye sina la kumlaumu. Oktoba 2008 serikali iliamua masomo yahamie kwenye Kiingereza, na mwaka uliofuata walimu waliolelewa na Kifaransa wakajikuta ubaoni na lugha ambayo wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Kifaransa chao hakikuwafundisha kumhurumia But wa Pili: bien que naye hamtaki mais, ila humpokea quand même, kwa sababu ile ile, kwamba huyo ni kielezi. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Nilimwacha bien que likizoni, nikamkuta although shuleni Januari, na katika kuhama huko kitu pekee nilichokuja nacho kutoka nyumbani kilikuwa ariko. Nikamvisha nguo za Kiingereza, nikamweka kwenye sentensi. Alikatwa siku ya kwanza. Nilimrudisha mwaka mzima, naye akakatwa mwaka mzima, na hadi leo nikizungumza Kiingereza haraka hujitokeza mwenyewe bila kuitwa, mwaminifu kama mbwa aliyefukuzwa kwa mawe.

Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda. Maana yake, ingawa na lakini sasa wanakaa pamoja Nyakabuye kwa ruhusa ya sheria. But wa Pili bado anaishi kwa kujificha.

Ninalo ombi moja kwa walimu wa Kiingereza. Sentensi ile ya Mashyuza inapona kwa kumtoa mmoja kati ya wale wawili, na sarufi haikusema ni yupi. Akitoka although, inabaki: “The water is hot, but people enter.” Fupi, haina doa, na kila aliyewahi kuchovya mguu pale anaielewa. Lakini siku zote mnamkata but, kwa sababu tu yeye ndiye aliyefika nyuma. Wiki hii jaribuni kumkata although. Na mkate taratibu, karatasi za daftari lile ni nyepesi.