Mama Mkwe Kwa Karen Blixen

Wengi wanaozuru nyumba za waandishi hawafuati vitabu. Wanafuata kitanda. Pale kwa Karen Blixen, chini ya Vilima vya Ngong, kitanda chenyewe hutazamwa kwa sababu ya mwigizaji Robert Redford, ambaye hakulala humo hata kwa kuigiza: vyumba tulivyoviona kwenye sinema ya 1985 iliyotokana na maisha ya Blixen ni vya nyumba nyingine. Mwongozaji wa wageni akilisema hilo, utaona watu wazima wakinuna.

Mimi nilimpeleka mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Nyeri kuja kupimwa macho, na mke wangu akaniagiza nimtembeze mahali pa heshima. Alilosahau ni kwamba mkwe hamshiki mama mkwe mkono akamvuta. Silaha yake ni kukohoa tu. Kwa hiyo bibi huyo alipoivuka kamba ya kuzuia wageni, akainama na kulibonyeza godoro, nilikohoa.

"Mama."

"Nimeona, baba. Hili halijaanikwa juani siku nyingi."

Jiko lilimpendeza, kwa kuwa limejitenga na nyumba, moshi mbali na wageni. Tukaambiwa habari za Kamante, kijana wa Kikuyu aliyekuwa mpishi, na jinsi mwana wa mfalme wa Uingereza alivyokula kwenye shamba hilo mwaka 1928. Watalii wakaguna kwa heshima.

"Na Kamante kitanda chake kiko wapi?" akauliza mama mkwe.

Nikakohoa tena. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, akatuelekeza bustanini.

Huko nje ndiko mama mkwe alikochangamka, mbele ya mitambo mikuukuu ya kahawa ambayo wageni huipita wakitafuta mandhari ya kupigia picha. Akaigonga kwa kidole. Akauliza Blixen alikuwa na kahawa kiasi gani. Ekari kama 600 katika shamba la ekari 6,000, akajibiwa. Lakini mwinuko ulizidi, mvua ilikuwa ya kubahatisha, kiwanda kiliungua 1923, kisha bei ikaporomoka. Mwaka 1931 shamba likauzwa, naye akarudi kwao Denmark, ambako baadaye aliandika kitabu kilichomletea sifa. Mama mkwe, aliyezeekea kwenye foleni za chama cha ushirika akisubiri malipo ya mnada wa kahawa, alisikiliza kama anayepewa habari za jirani aliyefilisiwa na benki.

"Aliambiwa?"

"Aliambiwa nini, Mama?"

"Kwamba huku juu ni baridi kwa kahawa. Si kulikuwa na watu hapa? Aliwauliza?"

Mwongozaji akanitazama. Safari hii kikohozi kilikataa kutoka.

Watalii walikuwa wameshaacha maua na kumzunguka mama mkwe. Akawaeleza, kijana wa watu akitafsiri jasho likimtoka, jinsi ya kupogoa, kwa nini tunda la kijani halichumwi, na mkulima anavyoweza kudaiwa mbolea ya kahawa ambayo hata yeye hajawahi kuinywa. Picha walizopiga siku hiyo, nadhani, ni za mama mkwe kuliko za nyumba.

Mgeni mmoja akamtilia noti mkononi. Aliikunja taratibu, akaitumbukiza kwenye kiondo, kisha akamsogelea mwongozaji na kumuuliza kwa sauti ya chini kama hapa mtu hulipwa siku hiyohiyo, au naye husubiri mnada.