Zima Data Kabla ya Mutukula

Msyuuu! Jamani, hili la simu kuvuka mpaka tuliongelee vizuri. Hapa njia panda ya Usagara tunayaona magari yote: ya Shinyanga, ya Mwanza mjini, na yanayokata kwenda Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, nani analala tena kwenye foleni ya kivuko? Dereva anakunywa chai hapa alfajiri, usiku yuko Mutukula, mpakani na Uganda. Lori limerahisishiwa. Simu yake, akishavuka tu, inaanza kumkausha salio.

Kinachoniuma ni kwamba raha ya kuvuka mpaka na simu bila kuumia tuliwahi kuwa nayo. Mwaka 2006 Celtel walianzisha One Network, Tanzania, Kenya na Uganda zikawa mtandao mmoja. Ukifika Kampala unapokea simu bure, unapiga kwa bei ya wenyeji, vocha unanunua hukohuko. Waulizeni madereva wa zamani. Celtel ikaitwa Zain, halafu mwaka 2010 ikawa Airtel. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda wakakubaliana wenyewe: kupokea bure, kupiga isizidi senti 10 za dola kwa dakika. Sudan Kusini nayo ikaingia. Sisi tukabaki nje! Na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, nchini mwetu. Kha! Umoja wa Ulaya walifuta makato ya ziada ya simu kuvuka mpaka Juni 2017, mtu anatoka Ureno hadi Poland na bando lake la nyumbani. Mfanyabiashara wa Mwanza anayefuata mzigo Kampala anastahili hivyohivyo.

Sasa, wakati wakubwa wanajadiliana, wewe jilinde. Pesa nyingi haziliwi na maongezi, zinaliwa na data, tena simu ikiwa mfukoni. Umelala kwenye basi, magrupu ya WhatsApp yanamwaga video za harusi na misiba, programu zinajisasisha, picha zinajipakia zenyewe. Kila kipande kinapita kwenye mnara wa watu, wenye mnara wanaidai kampuni yako, na kampuni yako inakudai wewe. Ukipita Kyaka ingia kwenye mipangilio, zima data ya romingi. Usisubiri kuona bendera ya Uganda, maana simu haijui mpaka, inafuata mnara wenye nguvu. Pale Mutukula, au Sirari kwenye mpaka wa Kenya, mtu anaweza kuwa bado yuko Tanzania na simu imeshahamia kwa jirani. Kama unakaa mpakani, chagua mtandao kwa mkono, usiiache simu ijichagulie.

Ukifika, nunua laini ya kule. Nenda na pasipoti kwenye duka la kampuni yenyewe. Hizi za kuuziwa dirishani mwa basi, zimeshasajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, achana nazo kabisa. Likitokea la kutokea, laini inaweza kufungwa ukiwa njiani, au ukaulizwa maswali usiyo na majibu yake.

Ila laini ya nyumbani usiichomoe, ngosha. Pesa zako ziko humo, na namba za siri za benki zinatumwa humohumo. Simu ya laini mbili ndiyo dawa: ya kule iwe ya data na ya kupigia, ya nyumbani ikae kwa ajili ya meseji tu. Kupokea meseji kwa kawaida hakukatwi, lakini kupokea simu kunaweza kukatwa, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mama anapiga, "Umefika?" Shemeji anapiga, "Umefika?" Wote wanakupenda, na kila anayepigia laini ya nyumbani salio lako linashuka. Waage mapema, uwaambie: nitawapigia mimi kwa WhatsApp jioni, nikishaweka bando la kule, na asiyeweza kusubiri anitumie meseji.