Tondozi ya Kitochi

Wahima husifu ng'ombe wao kwa pembe, rangi na mwendo. Wahaya husimama mbele ya hadhara wakajigamba mpaka mate yakauke. Kitochi, kilichobeba misiba, mahari na ada za shule za nchi nzima, hakijatungiwa hata ubeti. Kinachopewa ni kejeli. Kikilia ndani ya daladala, abiria wanageuka kuona kinatoka mfuko wa nani. Ukikiweka mezani kwenye kikao cha harusi, katibu anainama na kukuuliza kwa upole wa muuguzi: "Mzee, nyumbani hakuna mtu mwenye WhatsApp?"

Watoto wangu wanaona kwamba nimestaafu, basi na kitochi kistaafu. Wako tayari kuchanga waninunulie simu janja, wanachosubiri ni jibu langu. Nitawajibu. Lakini hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujitetea, na kwa kuwa kitochi si msemaji mpaka mtu apige, nitakisemea mimi.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo kwanza. Mkuu wa ukoo huu ni Nokia 1100, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Walioitengeneza walikuwa wametufikiria: batani zilifunikwa kwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, mbavu zikatiwa mparuzo isiteleze kwenye kiganja chenye jasho, na kichwani ikapachikwa tochi. Kamera hawakuweka. Zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kenya wakaiita mulika mwizi, na vizazi vilivyofuata wakaviita kabambe. Hapa kwetu ni kitochi. Wenye dharau husema kiswaswadu.

Simu janja nayo ina tochi, najua. Lakini umeme unapokatika saa nne usiku kwa sababu Luku imeisha, mwenye simu janja anahangaika kuitafuta tochi yake huku simu ikimwarifu kwamba imebakiwa na chaji asilimia tatu. Mimi nabonyeza gizani, kwa kidole kinachojua njia. Namba 20 za Luku ziko kiooni, mwanga uko kichwani, naelekea kwenye mita. Kinachobaki ni kutafuta miwani tu.

Chaji inakaa siku kadhaa. Wapinzani husema inakaa kwa sababu simu yenyewe haifanyi kazi yoyote. Sawa, lakini ni wastaafu wangapi wangekataa kusifiwa hivyohivyo? Na betri hiyo, ile BL-5C, ikichoka kwenye simu haitupwi. Inahamia kwenye redio ndogo ya Kichina na kuendelea kutupa taarifa ya habari. Sijaona simu janja iliyopata ajira nyingine baada ya kustaafu. Kitochi kikianguka sakafuni kinagawanyika vipande vitatu, mfuniko kule, betri kule, mwili chini ya kitanda. Unaokota, unapachika, kinawaka na kukuuliza leo ni tarehe ngapi. Kwa mtu wa umri wangu hilo ni zoezi zuri la akili.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 2007 dunia ilipata mambo mawili. Mwezi Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa kule Kenya. Mwezi Juni, iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani, watu wakapanga foleni nje ya maduka. Magazeti ya dunia yalishangilia la Juni. Lakini hela ya dawa iliyofika kijijini saa tano usiku, mgonjwa akawahi, ilipita kwenye lile la Machi, na mwaka uliofuata M-Pesa ikawa imeingia Tanzania. Tangu hapo kitochi kimekuwa benki. Nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Huhitaji bando wala nywila ya herufi kubwa na ndogo. Na ukisitasita kubonyeza, menyu inakutoa nje uanze upya, malezi mema kabisa kwa wazee wenye tabia ya kufikiri sana kabla ya kutoa hela.

Kuna sifa moja ambayo sijasikia mtu akiitaja, nayo ni kwamba kitochi kinapima heshima kwa hesabu. Chukua neno shikamoo. Herufi S iko nafasi ya nne kwenye batani ya 7, kwa hiyo unaibonyeza mara nne. H mara mbili, I mara tatu, K mara mbili, A na M mara mojamoja, kisha O mbili, kila moja mara tatu. Jumla mara 19. Marahaba inataka mara 12 tu. Mdogo anatoka jasho, mkubwa anapumzika, kama wazee walivyokusudia. Mtu akinitumia shikamoo kamili kutoka kwenye kitochi chake, najua amefanya kazi, na nikiwa na salio namjibu siku hiyohiyo. Na wale vijana wa zamani walioandika "xaxa" wakacharazwa na walimu wa Kiswahili, nadhani walionewa: X ni mara mbili, S ni mara nne. Walikuwa wakibana matumizi.

Sanduku la ujumbe hujaa mapema, hilo ni kweli. Ndipo unapokaa kibarazani kuamua kipi kifutwe: ahadi ya mdeni wako kwamba atalipa mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani, au namba za Luku za mwaka juzi. Nafuta ile ahadi. Namba za Luku angalau zilileta umeme.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Vijana walitembea na simu zao wameziinua juu, wanazizima na kuziwasha, wengine wakidhani bando limeibwa. Wenye vitochi tulipata habari hiyo redioni.

Lakini fadhila kubwa kuliko zote ni kwamba kitochi hakimjui mtu yeyote zaidi ya namba zilizomo kwenye laini, na hata hizo hakimpi mtu. Nyote mmeona yaliyowapata waliokopa kwenye programu za simu. Programu inakuomba ruhusa, unakubali bila kusoma, maana nani anasoma, na majina yako yote yanahamia kwa mtu usiyemfahamu. Ukichelewa kulipa, bosi anapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Shemeji anapata. Imamu anapata, fundi magodoro anapata, na yule uliyemchumbia zamani mkaachana anapata naye, na hakuna anayefurahi kama yeye. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwenye kitochi changu hakuna pa kuipakua hata moja. Aibu zangu nazibeba mwenyewe.

Matapeli tunao na sisi, nisiseme uongo. Ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nawaheshimu kidogo. Ameketi mahali na kitochi kama changu, anabonyeza, anatuma kwa mamia ya watu asiowajua, akitumaini kwamba mmoja wao anadaiwa hela na ana haraka. Hajafungua kamera yangu, hajajifanya waziri, hajaiga sauti ya mwanangu.

Na kuna jambo ambalo nikilisema nyumbani wanadhani natania. Mtu asiye na WhatsApp lazima apigiwe. Msiba ukitokea, wenye simu janja wanaupata kwenye grupu la ukoo: picha ya mshumaa, kisha mikono mingi ya kuomba, kisha mtu mmoja aliyekosea grupu anaweka tangazo la viwanja Kigamboni. Mimi napigiwa. Anayepiga ameshalipa kitu, dakika zake na ujasiri wake, na kabla hajasema neno ananiuliza, "Mzee, umekaa?" Nikisikia hivyo nakaa. Tunanyamaza wote wawili kidogo, halafu ananiambia. Harusi vilevile: mjumbe wa kamati anayetaka mchango wangu hana budi anipigie mwenyewe, anisalimie, aniulize hali ya mguu, na ndipo aombe. Kwenye grupu angeandika orodha ya majina na mbele ya langu angeweka sifuri, watu wote waione.

Ingetosha kuishia hapo. Lakini upande wa mashtaka nao una mashahidi, na shahidi wa kwanza ninakaa naye nyumba moja.

Binti yetu anafanya kazi Muscat. Kila Ijumaa mchana anapiga kwa video, na mtoto wake, ambaye sijawahi kumshika, ananiita Babu kwa lafudhi yake ya kule na kunionyesha meno yaliyong'oka. Haya yote yanafanyika kwenye simu ya mama watoto. Yeye alihama zamani, bila kuandika tondozi. Kwenye simu hiyohiyo nasomewa ratiba ya mazishi, natazama mabao ya Coastal Union, napokea kadi za mwaliko ambazo siku hizi haziletwi na mtu. Nilipomsomea sehemu ya sifa hizi, ile ya utulivu wa mtu asiye na magrupu, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba watoto," akasema, "magrupu yako yote unayo. Yako kwangu. Bando lako pia liko kwangu."

Hapo mtetezi alikohoa. Nimelitazama jambo hili kila upande na sioni pa kulipinga. Usafi wa kitochi changu unalipiwa na simu ya mtu mwingine. Kila mzee anayejisifu kijiweni kwamba hana habari na mitandao ana mke, mjukuu au mpangaji anayeangalia mitandao kwa niaba yake, na kumletea yale yanayofaa tu, yameshachujwa. Utulivu wa namna hiyo wakubwa wa zamani walikuwa nao pia. Walikuwa na makarani.

Shahidi wa pili ni mvuvi mmoja, rafiki yangu wa bao, ambaye kusoma kulimpita na macho sasa yanampita. Aliponunuliwa simu janja tulimcheka. Leo anatuma ujumbe wa sauti kutwa nzima, kwa watoto wake, kwa wanunuzi wa samaki, kwa mwenye mashine ya boti, na wanamjibu kwa sauti. Miaka yote ya kitochi alikuwa akimpa mtoto wa jirani amsomee SMS zake, pamoja na zile za siri. Kitochi kilimfichia aibu kila mtu isipokuwa yeye.

Na wa tatu ni mafao. PSSSF wana mfumo wa PSSSF Kiganjani, ambao mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu janja akiwa nyumbani. Simu inamtazama uso na kuthibitisha kwamba yu hai. Kitochi hakina jicho, na kwa mguu wangu huu, ngazi za ofisi si rafiki. Inabidi nikubali kwamba kwa suala la kuthibitisha kama nipo hai, chombo ninachokipenda hakina maoni.

Bado nakisifu. Fahali husifiwa hata siku ya kuuzwa, na tena siku hiyo husifiwa zaidi ili bei ipande. Ila kitochi siuzi. Nimegundua wengi wa umri wangu wanatembea na vyote viwili: simu janja ya kuona wajukuu, kitochi cha laini ya pesa, kimoja mfuko wa shati na kingine mfuko wa suruali. Mwizi akipora ile kubwa, ameondoka na picha. Akiba inabaki kwa mdogo ambaye hakuna mwizi mwenye kujiheshimu anayetaka kuonekana amemwiba.

Basi nimewajibu watoto. Nimeandika mwenyewe, bila msaada, na kuhakikisha haizidi herufi 160 ili iwe SMS moja: "Nimekubali. Simu nunueni, bando juu yenu. Laini ya pesa haitoki kwenye kitochi. Msiniingize grupu la harusi wala la ukoo. Mama yenu apumzike. Baba."

Mkubwa wao alijibu baada ya dakika moja. Ametuma moja ya zile picha ndogo ambazo wao huzitumia badala ya maneno, na kitochi kimenionyesha kisanduku cheupe kitupu. Mama watoto anasema huenda ni kidole gumba, au huenda ni mtu anayecheka mpaka machozi. Sikumjibu kitu. Nasubiri apige.