Karanga Kidogo Tu

Kuwa na mzio wa karanga Tanzania ni kama kuogopa maji na umezaliwa Pemba. Utakimbilia wapi? Mlenda una karanga. Mchicha una karanga. Uji wa lishe umesagiwa karanga. Kijiweni kahawa inakuja na kashata, na kwenye basi jirani yako wa kiti anakunjua kikaratasi, anakumiminia kiganjani karanga za kukaanga, kisha anakutazama mpaka utafune.

Hata hivyo, karanga zenyewe sina ugomvi nazo. Zikiwa koponi hazinifuati. Wanaonifuata ni watu wanaonipenda.

Shangazi yangu, kwa mfano. Nimemweleza kwamba kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeamua kuwa protini ya karanga nayo ni adui. Ikiingia, mwili unamwaga kemikali iitwayo histamini: ngozi inawasha, vipele vinatoka, midomo inavimba, na mambo yakiharibika koo linabana na presha inashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunua sufuria ya kisamvu.

"Pole, baba. Hizi nimezitwanga zikalainika kabisa, hata hutaziona."

"Shangazi, shida si kuziona."

"Na nimeweka kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" imetosha kulaza watu hospitali, maana kwa wengine wetu hata chembe isiyojaza ncha ya kijiko inaleta balaa. Moto nao hausaidii. Karanga iliyokaangwa inatoka chunguni na ukali wake wote.

Mjomba ana hoja nyingine: magonjwa haya ni ya siku hizi, ya watu wanaodeka. Nikamwambia kuwa mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mbwa aliyewahi kuchomwa sumu na akapona anavyoweza kufa kwa mzio kama huu wangu akichomwa tena dozi ndogo tu, na kwamba mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mjomba akafikiri. "Huyo mbwa alikula karanga?"

"Hapana, ilikuwa sumu ya kiumbe wa baharini."

"Basi," akasema, akaendelea kula.

Sayansi yenyewe wakati mwingine inaniangusha mbele ya wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 huko Uingereza ulionyesha kuwa watoto wachanga walio katika hatari ya kupata mzio huu, wakianza kulishwa vyakula vya karanga mapema, wengi wao hawaupati. Shangazi alipopata habari hizo alifurahi kama aliyeshinda kesi, akanisogezea bakuli. Shangazi, wale walikuwa wachanga. Mimi nina mvi.

Kilele cha yote kilikuwa ukweni, Dodoma. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatuzungumzi sana ana kwa ana, alimtuma shemeji aniambie kuwa kisamvu kimewekwa mbali na mimi nimepikiwa maharage peke yangu. Nilishukuru kwa dhati. Ila maharage na kisamvu vilipakuliwa kwa upawa mmoja.

Midomo ilianza kuvimba kabla sijamaliza sahani. Mama mkwe aliponiona alidhani nimenuna. Akamtuma tena shemeji: muulize mkwe, chakula hakikumpendeza? Nilitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa umeshajaa mdomo, na kimya changu kikathibitisha kwamba nimenuna kweli.

Nilipoanza kukoroma nikiwa macho ndipo nyumba ikachangamka. Mmoja akaja na maziwa, mwingine mkaa uliosagwa, wa tatu Piritoni. Katika hao, wa Piritoni alikaribia ukweli, maana vidonge vile hupunguza muwasho, ila koo likishabana si kazi yao. Kinachohitajika hapo ni sindano ya adrenalini, tena ya pajani, tena upesi. Zahanati walinichoma, na baada ya muda mfupi pumzi ikarudi. Wakanizuia pale kwa saa kadhaa, maana hali hii huweza kutulia kisha ikarudi upya.

Niliporejea, familia ilikuwa imekaa kikao. Swali lilikuwa moja: sasa mkwe anaweza kula karanga ngapi? Nikaanza tena habari ya kinga na protini, nikiona macho yakififia moja baada ya jingine. Babu wa mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akanikatiza.

"Kwenu karanga ni mwiko?"

Nikamtazama mzee yule, nikaona mlango umefunguka.

"Ndiyo, babu. Mwiko wa ukoo."

"Ukiuvunja?"

"Unavimba midomo, koo linabana. Ukicheleweshwa, unakufa."

"Mbona hukusema mapema!"

Wote wakaguna kwa heshima. Sufuria zikasuguliwa kwa majivu, nikatengewa upawa wangu na sahani yangu, na watoto wakakatazwa kunishika kabla ya kunawa. Daktari bingwa asingeniandikia masharti bora kuliko yale.

Tatizo likabaki moja. Kaka yangu wa tumbo moja, ambaye karanga hazijawahi kumdhuru hata kidogo, alipita pale mwezi uliofuata akiwa na njaa ya safari. Kwa mbali alinusa kisamvu. Alikiomba, akakibembeleza, mwisho akaapa kwa jina la marehemu baba kwamba anakula karanga tangu utotoni.

Wakamwonea huruma kwa ujasiri wake, wakampa maharage.