Mnamsonya Shane, Kumbe wa Kusonywa ni Mama

Aka! Acheni drafti kidogo mnisikilize. Tangu juzi kijiwe kizima kinamsonya Shane wa kwenye kitabu: mara mhuni, mara mwanamume gani anatokomea bila kuaga halafu miaka 15 baadaye anaibuka kutaka kupendwa upya. Nani kawaambia alitokomea? Mmesimuliwa nusu mkaanza kuhukumu.

Kwa ambao hakijawafikia, ni Seven Days in June cha Tia Williams, mwandishi mweusi wa Marekani, kilichotoka 2021. Kuna Eva Mercy, mama anayeishi Brooklyn, New York, na binti yake Audre wa miaka 12. Anaendesha maisha kwa kuandika riwaya za mapenzi za mchawi na mnyonya damu, na wasomaji wake hawamwachi apumue. Siku moja yuko jukwaani kwenye mjadala wa waandishi, mara anatokea Shane Hall, mwandishi mwenye jina kubwa ambaye kwa kawaida haonekani hadharani. Ukumbi mzima unadhani hawajuani. Kumbe mwaka 2004, wakiwa bado wanafunzi huko Washington, walijifungia siku saba pamoja, watoto wawili walioumizwa na maisha wakidhani wamepata pa kupumzika. Tangu hapo kila mmoja amekuwa akimwandika mwenzake kwenye vitabu vyake kwa kificho.

Fundi simu wetu alivyosikia hivyo akasema mapenzi ya kiporo hayo, yataumiza tumbo. Namheshimu, lakini hapana. Wale hawakuachana. Walitenganishwa, na aliyewatenganisha ni Lizette, mama mzazi wa Eva. Siku zile saba ziliishia kwenye dawa za kulevya na binti aliyekuwa mahututi. Mama akaita polisi, kijana akachukuliwa. Eva alipopata fahamu akaamini ameachwa.

Na hapa naomba tutulie, maana ndipo penye kitabu chenyewe. Kuita polisi namwelewa. Mzazi umkute mwanao hajitambui, pembeni yake kijana usiyemjua, utafanyaje? Hata mimi ningepiga simu. Ninachomsonyea Lizette ni kunyamaza. Binti anakua, anaolewa, anaachika, analea mtoto peke yake, na muda wote ameubeba moyoni ule uongo kwamba hakuwa mtu wa kubakiwa naye. Mama anajua ukweli! Anaongea naye kwenye simu na bado ameufungia kifuani. Jamani, jambo hili hatulijui hapa? Ni wangapi tunaowafahamu walioambiwa "yule hakukutaka", kumbe barua zilizuiwa au mjumbe alirudishwa mlangoni? Halafu tunawaambia vijana kwamba wazazi hawakosei. Eboo!

Williams, kwa haki yake, hamchori Lizette kama shetani. Alikuwa mrembo wa mashindano kutoka Louisiana, akaishi kwa kutegemea wanaume wenye pesa, na hakuna aliyemfundisha njia nyingine. Wanawake wa ukoo huo wanarithishana na maumivu ya kichwa, kizazi hadi kizazi. Eva ana kipandauso kisichopoa: anajichoma sindano chooni, anarudi kwenye kikao akitabasamu, kwa kuwa amezoea kuambiwa anajidekeza. Mwandishi mwenyewe anaishi na maradhi hayo na ameyasema wazi, na ndiyo maana kurasa zile zina uzito. Wake zetu na dada zetu wangapi wanalala gizani na kitambaa usoni nasi tunawaita wavivu? Shane haleti ushauri wa vidonge. Anauliza inaumaje, kisha anasikiliza jibu hadi mwisho. Kwangu mimi hapo ndipo alipostahili kupokelewa, kuliko kwenye busu lolote la kitabu kile.

Msisahau pia kwamba hakurudi mikono mitupu. Alikuwa mlevi, akaacha pombe, amekaa zaidi ya miaka miwili bila kugusa. Anafundisha na kulea vijana wa mitaa ya shida. Alikwenda Brooklyn kwanza kabisa kuomba radhi. Mtu wa namna hiyo msimfananishe na hawa wanaorudi kwa sababu tu walikokuwa kumewashinda.

Halafu anauawa Ty, mmoja wa vijana wake wale, na Shane anavunjika kabisa. Eva anamwambia hapana, wasiendelee pamoja. Pale kwa mama ntilie nimesikia Eva akitukanwa kwamba hana moyo, kwamba mwanamume yuko kwenye msiba naye anamfungia mlango. Nasonya tena! Ana binti wa miaka 12 ndani. Yeye mwenyewe alilelewa akiburutwa na misukosuko ya mapenzi ya mama yake, leo amrithishe na Audre? Alimpenda na bado akamkatalia, nami nasema alifanya sawa, hata kama baadaye huko Louisiana mambo yalikuja kutengemaa. Yule mwanamume alihitaji kusimama kwa miguu yake kwanza.

Ugomvi wangu na kitabu ni mmoja, na nauleta kwa uchungu. Ty anapita upesi mno. Kijana mweusi, maskini, amempata mtu mzima mmoja wa kumwamini, anakufa, na kifo chake kinageuka ngazi ya wapenzi wawili kupandia. Eva kapewa nafasi ya pili, Shane kapewa, hata Lizette anapata kusikilizwa. Williams anajua kuandika watoto, mwangalieni Audre anavyochangamka kila anapofungua mdomo. Basi angetupa kurasa nyingi zaidi za Ty akiwa hai, anacheka, anabishana na mwalimu wake, kabla ya kutuchukua kwenda Louisiana.