Kielelezo Namba Tatu

Masjala ya mahakama moja ya wilaya, Dar es Salaam. Jioni, karani ameshafunga ofisi na kwenda zake. Chini ya meza lipo tofali la inchi sita lenye kibandiko. Juu ya rafu limelala faili nene lililofungwa kamba.

TOFALI: Shikamoo, babu.

FAILI: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unamwagika?

TOFALI: Namwagika tangu nizaliwe. Mfuko wa saruji wa kilo 50, mtu mwenye haya anatoa matofali 30 hivi. Mkandarasi wetu alitutoa 60, tena kwa mchanga wa ufukweni, chumvi tupu. Maji ya kutukomaza hatukuyaona. Kesho yake tukapakiwa kwenye Fuso.

FAILI: Na mwenye nyumba?

TOFALI: Mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake chote kiko Chanika, kimesimama pale na nyufa zake. Mmoja umetoka dirishani ukapanda mpaka kwenye linta. Siku ya kumwaga zege alionyeshwa nondo za milimita 16 akafurahi. Alipokwenda dukani kuwanunulia mafundi soda, zikafungwa za 10.



FAILI: Mimi nina mkataba wake tumboni, kurasa mbili za kalamu. Wakili wa mdaiwa alisimama akasema hauna stempu, usipokelewe. Mwalimu akaenda kulipa ushuru na faini. Aliporudi akaambiwa aliyetia sahihi si mdaiwa, ni kampuni. Kampuni ikaja na tai shingoni, ikasema huyo bwana haimjui, na mhuri wake haijui umefikaje pale.

PANYA (akitokeza kwenye pembe ya ukuta): Hodi, wazee. Mhuri umefikaje? Si alikodishiwa cheti! Siku hizi cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi kinaazimwa kama sufuria la shughuli.

FAILI: Chunga mdomo. Sheria ipo tangu 1997: asiyesajiliwa hafanyi kazi ya ukandarasi, na aliyesajiliwa ana daraja lake, kuanzia la kwanza hadi la saba.

PANYA: Na huyu ana daraja gani?

TOFALI: Ana kofia ya njano.

FAILI: Risiti nazo mwalimu hana. Fedha mkandarasi alitumiwa kwa simu, tena kwa namba ya shemeji yake. "Yangu ina shida ya mtandao, mwalimu." Ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Lakini wakili akataka ithibitishwe kwanza nani alikuwa ameishika ile simu. Pingamizi la tatu hilo.

TOFALI: Babu, mimi nitaitwa lini nitoe ushahidi?

FAILI: Leo ulikuwa uitwe. Wakili yuko Mahakama Kuu. Mara iliyopita hakimu alikuwa semina. Kabla ya hapo mdaiwa alifiwa na mjomba. Mjomba huyohuyo tumeshamzika mara mbili humu ndani, ya pili Kondoa.

PANYA: Si wangesuluhishwa tu?

FAILI: Walikaa kwenye usuluhishi. Mkandarasi alikuja anatabasamu, akajitolea kupaka rangi juu ya ufa, bure. Mwalimu alichagua kulia.

TOFALI: Yule mhandisi wa nyundo ya Schmidt je? Alitugonga, akasoma namba, akatikisa kichwa.

FAILI: Ripoti yake ninayo. Mdaiwa amejibu kwamba kosa ni la ardhi, imecheza.

TOFALI: Ardhi ndiyo iliyochanganya zege?

FAILI: Usinifokee mimi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa mwalimu fidia ya hasara aliyoipata, na nakwambia angeishinda kesi hii asubuhi moja, kama asubuhi hiyo ingepatikana. Lakini wenzake hawatafuti kushinda, wanatafuta tarehe. Shauri likiondolewa kwa pingamizi anaweza kufungua upya, ila dai la mkataba lina miaka 6 tu, na wakili wao anazihesabu siku kuliko mama mjamzito. Wewe mwenyewe jitazame.

TOFALI: Kweli. Nilipoletwa, karani alinibeba kwa mikono miwili. Siku hizi ananifagia.

FAILI: Basi ujue litakalofuata. "Mheshimiwa, orodha ya vielelezo inasema tofali moja. Kilicho mbele yako ni mchanga. Tunaomba usipokelewe."

PANYA: Haki ya Mungu, huyo wakili ningemlipa mimi.

FAILI: Wewe umeingiaje lakini? Ule upande wa nyuma si umejengwa juzi?

PANYA: Ndiyo nilikopitia. Nilipiga hesabu ya wiki nzima ya kuchimba. Nimetumia kucha mbili.

(Kimya. Plasta inadondoka kidogo.)

UKUTA: Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Ndugu Tofali, huyo mkandarasi wenu, akiongea anasema "mwalimu, usiwe na wasiwasi" baada ya kila sentensi?

TOFALI: Huyohuyo! Na kofia ya njano.

UKUTA: Basi sisi ni baba mmoja. Kwetu alisema "mheshimiwa, usiwe na wasiwasi."

PANYA: Mzee Faili, sogea huku katikati ya chumba.