Barua ya Wazi kwa Wenye Kamba wa Masisi na Walikale

Kwa Waheshimiwa wote wanaoshika kamba ya kuzuia njia leo asubuhi kati ya Sake na Walikale, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, na kwa wale watakaoishika jioni.

Madereva wa malori, wamotari, yaani waendesha pikipiki, na wasukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao zisizo na pedali, wa njia hiyo wamepokea kwa unyenyekevu mawaidha wanayopewa kila mara kuhusu adabu barabarani, kwamba dereva mwema hupumua polepole, hapigi honi ovyo, humpisha mwenzake na hajibu tusi kwa tusi. Mawaidha hayo hayapingani na sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, na ni furaha kuripoti kwamba suala la mwendo kasi limekwisha kabisa kuanzia Kashebere kuteremka, ambako Fuso iliyozama topeni huweza kukaa siku kadhaa bila kuvunja sheria yoyote. Hata adabu ya kupisha imefikia Walikale kiwango ambacho miji mikubwa haijakiota, kwani huko Kilambo, katika miaka ya kasiteriti, yaani mawe yatoayo bati, ya mgodi wa Bisie, kipande cha lami kiligeuzwa kiwanja cha ndege, na magari yakajifunza kusubiri pembeni hadi Antonov itue, ipakie na kuruka.

Kwa hiyo upole upo. Kinachousumbua ni barieri, yaani kamba, mti au mwanzi uliokatishwa njiani, pamoja na kiti cha plastiki na mtu mwenye silaha, ambayo mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Ubelgiji iitwayo IPIS waliihesabu katika Kivu zote mbili wakapata 798, kabla ya vita vya miaka hii kuongeza mikono mingine inayohitaji kamba.

Safari ya hasira katika njia hii inastahili kuchunguzwa kitaalamu. Dereva aliyesimamishwa haruhusiwi kukasirika, kwa sababu mbele yake kuna bunduki. Hutabasamu, huvua kofia, humwita kijana wa umri wa mwanawe “komanda”, hulipa, hupewa jeto, yaani kikaratasi cha kuthibitisha malipo, ambacho barieri inayofuata hukitazama kama jani la mgomba. Kilomita chache mbele, hasira ileile ambayo haikupata njia ya kutokea humwangukia mmotari aliyechelewa kupisha, naye mmotari humgeuzia msukuma chukudu, na msukuma chukudu, ambaye hana wa kumtukana, huupiga teke ubao wake. Ndipo mtu wa semina hufika kutoka Goma na kueleza kwamba madereva wa Masisi wana matatizo ya tabia.

Tena si wenye injini pekee. Mama anayepeleka kikapu cha mihogo sokoni hulipa kwenda, na akirudi na chumvi na sabuni hulipa kurudi, na nyumbani anakuta zamu yake ya “lala salama”, yaani mchango ambao makundi yenye silaha huwatoza wanakijiji kwa ulinzi, kwa maana kwamba mtozaji mwenyewe hatawaamsha usiku. Huo ni wizi, nao haujapata kuwa kitu kingine hata siku uliyopigwa muhuri. Waheshimiwa watausamehe ukali wa sentensi hiyo, ambayo imeponyoka kwa sababu ya ubovu wa barabara.

Ombi kuu la barua hii ni kwamba barieri ipakiwe garini. Kamba ifungwe moja kwa moja mbele ya lori, kutoka taa hadi taa, na kila idara inayotoza ipewe kiti juu ya mzigo, ili lori liondoke Sake likiwa limekwisha kusimamishwa na lifike Walikale bila kuvuka barieri hata moja, kwa kuwa halitakuwa limetoka barierini. Viti vimepangwa kwa heshima inayostahili: jeshi juu ya kabini, penye upepo, polisi juu ya magunia ya maharage, ujasusi chini ya turubai, ambamo mtu huona bila kuonekana, na mwenye muhuri karibu na dereva, asije akaupoteza katika mitikisiko. Kundi lenye silaha litapanda pale eneo lake linapoanzia na kushuka linapoishia, likimkabidhi mwenzake kiti mbele ya mashahidi na bila risasi. Na kwa kuwa tarehe 19 Machi 2025 waasi wa M23 waliingia mjini Walikale, kisha mwanzoni mwa Aprili wakaondoka, inapendekezwa kiti cha mkuu kiwe na vitambaa vya kubadilisha, ambavyo gharama yake, bila shaka, atailipa dereva. Kila litakapovukwa daraja la miti, honi italia mara moja, kamba itashushwa, kila mkono utapata chake, na kamba itapanda tena huku injini ikiendelea kunguruma.

Kuna sharti dogo, nalo linatajwa kwa aibu. Lori likizama, abiria hushuka kusukuma, na Waheshimiwa watakuwa abiria. Buti zitavuliwa na suruali zitakunjwa hadi magotini. Bunduki zitahifadhiwa na yule mama wa mihogo, aketi nazo chini ya mwavuli wake, na atakayetaka kurudishiwa ya kwake atamlipa kitu kidogo cha ulinzi, kwa bei atakayoitaja yeye na bila jeto.

Maombi mengine ni mepesi. Kamba zifuliwe. Bei isipande usiku kwa sababu ya giza ambalo dereva hakulileta. Mgonjwa asihesabiwe kama mzigo. Mfuko wa Taifa wa Matunzo ya Barabara, ulioundwa mwaka 2008 na unaokula sehemu ya bei ya mafuta, umtume mtu aje aonyeshwe barabara ambayo madereva hawa wamekuwa wakiilipia ndani ya bidoni za petroli. Atapandishwa bure, na atasukuma.

Barua hii imesafirishwa kwa pikipiki, hivyo imetozwa njiani kama mzigo mwingine wowote. Jeto zimeambatishwa ili mwandishi arudishiwe fedha zake. Malipo ambayo hayakutolewa karatasi, nayo ndiyo mengi, yameachwa kwenye kumbukumbu za Waheshimiwa, ambao kila mmoja anajua alichokipokea.